Kula, Kunywa na Kulala Novosibirsk: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Novosibirsk ndio mji mkubwa kuliko yote Siberia, wenye watu zaidi ya milioni moja na nusu. Majibu haya ni ya mgeni anayekwenda kusoma, kuhudhuria mkutano, kufanya biashara, au kushuka siku mbili kutoka treni ya Trans-Siberia. Maneno machache ya Kirusi tumeyaacha kwa herufi zao, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye menyu na milangoni.

KABLA YA KUTAFUTA CHAKULA

Kadi yangu ya benki itafanya kazi?

Hapana. Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo tangu Machi 2022, si dukani, si hotelini, si kwenye mashine za fedha. UnionPay iliyotolewa nje usiitegemee. Beba dola au euro taslimu, noti safi zisizochanika wala kuandikwa kwa kalamu, maana karani wa benki huzikagua moja moja na noti yenye doa hurudishwa. Zibadilishe benki ziwe rubli, fedha ya huko, pasipoti ikiwa mkononi. Shilingi, ya Kenya au ya Tanzania, haina mnunuzi huko.

Anayekwenda kukaa miezi afungue akaunti ya benki ya Kirusi na kuchukua kadi ya Mir. Benki itadai pasipoti pamoja na tafsiri yake ya Kirusi iliyothibitishwa na mthibitishaji, kwa hiyo shughulikia tafsiri mapema. Mpaka kadi ipatikane, ni taslimu tu. Tembea na noti ndogondogo, kwa sababu vibanda vingi havina chenji ya noti ya rubli elfu tano.

Saa za huko zikoje?

Novosibirsk iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nne, na mbele ya Moscow kwa saa nne vilevile, kwa kuwa Moscow na Nairobi zina saa ileile. Saa sita mchana Dar ni saa kumi jioni Novosibirsk. Tiketi za treni zilikuwa zikiandikwa saa za Moscow na watu wakiachwa stesheni. Tangu Agosti 2018 zinaandikwa saa za mahali. Ushauri wa zamani bado unazunguka mitandaoni, usiufuate.

Nitajuaje njia bila intaneti?

Pakua programu ya 2GIS kabla ya kusafiri na uhifadhi ramani ya mji mzima. Kampuni hiyo imeanzia Novosibirsk, na ramani yake huonyesha hadi mlango wa kuingilia jengo, jambo la maana pale ambapo mgahawa umejificha uani nyuma ya ghorofa. Tangu 2025 intaneti ya simu hukatwa kwa muda katika mikoa mbalimbali ya Urusi kwa sababu za usalama, na Wi-Fi ya mgahawani huhitaji namba ya siri inayotumwa kwa SMS, ambayo mara nyingi haifiki kwenye laini ya kigeni. Ukiwa na ramani iliyohifadhiwa, hutapotea.

KULALA

Nikae upande gani wa mji?

Kwa siku mbili tatu, kaa katikati, ukingo wa kulia wa mto Ob, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka stesheni za metro za Ploshchad Lenina, Krasny Prospekt au Sibirskaya. Jumba la opera, soko kuu na migahawa mingi viko hapo. Anayepita kwa treni tu akae jirani na stesheni ya Novosibirsk-Glavny. Marins Park Hotel ni lile jengo refu linalotazamana nayo, na Azimut iko mtaa wa Lenina.

Ukingo wa kushoto, kuzunguka Ploshchad Marksa, ni nafuu zaidi na metro inafika. Chuo kikuu cha ufundi, NGTU, kiko upande huo, stesheni ya Studencheskaya.

Mwenye shughuli Akademgorodok, mji wa wanasayansi ulioanzishwa 1957, alale hukohuko. Ni zaidi ya kilomita 20 kusini mwa katikati ya mji na metro haifiki. Hoteli ya Zolotaya Dolina iko mtaa wa Ilyicha. Barabara ya kwenda huko hujaa magari asubuhi na jioni, kwa hiyo saa hizo panda treni ya abiria, *elektrichka*, kutoka Novosibirsk-Glavny na ushuke Seyatel au Obskoye More.

Usajili ni nini, na unahusianaje na mahali pa kulala?

Hili ndilo linaloamua hoteli yako kuliko idadi ya nyota. Kila mgeni lazima asajiliwe na mamlaka ya mambo ya ndani kwa anwani anayolala, na anayepeleka taarifa ni mwenye nyumba, si mgeni. Hoteli hufanya hivyo ndani ya siku moja ya kazi. Ukikaa kwenye fleti ya mtu binafsi, muda wa kawaida ni siku saba za kazi tangu ufike, na mwenye fleti ndiye anayepeleka fomu. Mwanafunzi wa bweni husajiliwa na chuo.

Mapokezi watakuomba vitu vitatu: pasipoti, viza, na kadi ya uhamiaji, ile karatasi ndogo unayopewa mpakani. Usiitupe ukidhani ni risiti. Ukishasajiliwa utapewa kipande cha fomu kinachokatwa, *otryvnaya chast*. Kipige picha, kisha kiweke pamoja na pasipoti, kwa sababu polisi wakikusimamisha njiani hicho ndicho watakachouliza.

Mambo huharibika hivi: hosteli ndogo inakubali nafasi yako mtandaoni, ukifika inaona pasipoti ya kigeni na kusema haipokei wageni wa nje. Haitaki kazi ya kujaza fomu. Kwa hiyo andika ujumbe kabla ya kulipa: «Вы принимаете иностранцев? Регистрацию делаете?» maana yake, mnapokea wageni wa nje, na usajili mnafanya? Jibu la kuzungukazunguka lihesabu kuwa hapana.

Nafasi naiwekaje ikiwa Booking.com haifanyi kazi Urusi?

Tumia Ostrovok au Yandex Puteshestviya kwa hoteli, na Sutochno kwa fleti za siku chache. Chuja matokeo kwa «оплата при заселении», yaani kulipa ukifika, ili kadi isihitajike. Kwenye matangazo ya fleti za muda mrefu utakutana na neno «славянам», mwenye nyumba anataka wapangaji wenye asili ya Kislavoni tu. Linaudhi, lakini lipo. Usipoteze muda kubishana naye. Pita, au muulize mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akupigie simu kwa wengine.

Ndege inatua alfajiri. Nitapata chumba?

Safari kutoka Moscow ni kama saa nne, ongeza saa nne za tofauti: ukiruka saa nne usiku, unatua Tolmachevo karibu saa kumi na mbili asubuhi. Vyumba hutolewa kuanzia saa nane mchana. Ukitaka kuingia mapema, utatozwa kwa kawaida mpaka nusu ya bei ya usiku mmoja. Uliza habari ya *ranny zaezd* wakati wa kuweka nafasi. Usipotaka kulipa, acha mzigo mapokezi, nenda kanywe chai. Njia nyingine ni vyumba vya kupumzikia ndani ya stesheni ya Novosibirsk-Glavny, vinavyokodishwa kwa saa.

Kutoka uwanjani, basi la 111э linaingia mjini. Teksi iite kwa programu ya Yandex Go na uchague kulipa taslimu. Wanaokufuata ukumbini wakisema «такси, такси» watakutoza bei ya mgeni.

Kuna la kuangalia ndani ya chumba?

Matatu.

«Удобства на этаже» maana yake choo na bafu viko nje, kwenye korido, vya wote.

Ghorofa ya kwanza ya Warusi ni ile ya chini kabisa. Ukipewa chumba ghorofa ya pili, kwetu hiyo ni ya kwanza.

La tatu ni maji ya moto. Mji hupashwa joto na mitambo mikubwa ya pamoja, na kila kiangazi, kati ya Mei na Agosti, mabomba hufungwa mtaa kwa mtaa ili yapimwe, hadi siku 14. Hoteli kubwa zina hita zake. Fleti na hosteli, uliza: «Бойлер есть?» Wakisema hakuna, utaoga kwa ndoo na birika, jambo ambalo wengi wetu tumelizoea tangu utotoni.

Majira ya baridi shida hugeuka. Nje nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani joto la kuvaa fulana, na hewa kavu mpaka pua inachubuka. Rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba joto, hazina kitufe cha kupunguza. Lowesha taulo ulitandike juu yake usiku, na fungua kidogo kile kidirisha cha juu, *fortochka*.

KULA

Nawezaje kushiba kwa bei nafuu?

Nenda *stolovaya*, mgahawa wa kujihudumia. Vilka-Lozhka ni mtandao wa hapo Novosibirsk, na kuna nyingine kila pembe, zikiwemo za vyuo na ofisi ambazo hupokea mtu yeyote. Utaratibu ni huu: chukua trei, iteleze kwenye reli, na sogea na foleni. Kwanza hupangwa saladi na keki, baadaye supu, kisha nyama na samaki, halafu wanga, mwisho vinywaji na mkate, ndipo keshia. Mpango huo si wa bahati mbaya. Mgeni mwenye njaa hujaza trei kwa saladi tatu kabla hajaiona supu. Pita saladi kwa macho makavu.

Kila kitu huuzwa peke yake: nyama ni bei yake, wali au viazi (*garnir*) bei yake, kijiko cha *smetana*, yaani malai chachu, bei yake, na mkate huhesabiwa kwa kipande. Supu unaweza kuomba nusu: «половинку». Chakula cha mtu mzima cha kutosha ni nusu supu, nyama moja, *garnir* moja, na *kompot*, kinywaji cha matunda yaliyochemshwa. Ukimaliza, rudisha trei kwenye kigari mwenyewe.

Migahawa ya kuhudumiwa nayo huwa na *biznes-lanch*, siku za kazi, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa au kumi: saladi, supu, chakula na kinywaji kwa bei moja. Mgahawa uleule jioni ni ghali zaidi kwa mbali.

Kwa nini bili yangu imekuja mara tatu ya menyu?

Ulisoma bei ya gramu 100. Samaki mzima, mishikaki (*shashlyk*) na nyama za kuchoma mara nyingi huandikwa «цена за 100 г», kwa herufi ndogo. Samaki wa gramu 450 ni bei hiyo mara nne na nusu. Menyu ya Kirusi huandika uzito wa kila sahani, kwa mfano 150/100/30, yaani nyama, wanga na mchuzi kwa gramu. Zisome hizo namba kabla ya picha; sahani ya gramu 150 haishibishi.

Nile nini ambacho ni cha Siberia kweli?

*Pelmeni* kwanza: vidonge vya unga vilivyofungwa nyama mbichi na kuchemshwa, vikiliwa kwa *smetana*, siki au pilipili manga. Za kugandishwa ziko kila duka. Ukizipika hosteli, usiziyeyushe kwanza, maana zitashikana na kupasuka. Zitie zikiwa mawe kwenye maji yanayochemka yenye chumvi na jani la bay, koroga mara moja zisinate chini, zikielea ngoja dakika tano.

*Pozy*, au *buuzy*, zimetoka kwa Waburyati wa upande wa ziwa Baikal. Ni kubwa kama ngumi ya mtoto, hupikwa kwa mvuke, juu zina tundu. Hushikwa kwa mkono. Toboa kwa meno upande mmoja, nyonya mchuzi, ndipo ule. Anayezikata kwa kisu humwaga utamu wote sahanini, na anayeuma kwa pupa huunguza kidevu.

Kwa nyama za porini, samaki wa kaskazini, kangaga na matunda ya taiga, yaani msitu wa Siberia, #СибирьСибирь mtaa wa Lenina ndio jina linalotajwa kwanza. Ni mahali pa kuketi na kutumia fedha, si pa kukimbizana na njaa.

Soko kuu, Tsentralny rynok, lipo mtaa wa Michurina, hatua chache kutoka metro Krasny Prospekt. Nunua asali ya Altai, njugu za msonobari wa Siberia, na matunda ya *brusnika* au *oblepikha*. Wauzaji huonjesha, onja kabla ya kulipa, kwa kuwa njugu za mwaka jana zina uchungu wa mafuta yaliyochacha.

Samaki mbichi ni salama?

Hapa tuwe wakali. Bonde la mto Ob ndilo makao makubwa ya mnyoo wa ini uitwao *Opisthorchis felineus*, na anaishi ndani ya samaki wa jamii ya kapu (*carp*): *yaz*, *leshch*, *plotva*, *yelets*. Ndio haohao wanaouzwa wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, kando ya barabara, kama vitafunio vya bia. Usile. Friji ya nyumbani haitoshi kumuua mnyoo huyo: kanuni za afya za Urusi zinadai nyuzi 28 chini ya sifuri kwa saa 32, au 40 chini kwa saa 7. Kumchemsha samaki dakika 20 tangu maji yaanze kutokota kunatosha.

*Stroganina*, samaki aliyegandishwa akachongwa nyuzinyuzi kama randa ya seremala, hutengenezwa kwa samaki weupe wa kaskazini kama *muksun* na *nelma*. Hao si wa jamii ya kapu, ila wanaweza kubeba minyoo tegu. Uile mgahawani penye jina, si sokoni. Kumbuka pia kuwa kuvua *muksun* katika bonde la Ob kumepigwa marufuku tangu 2014. Anayekunong'oneza kwamba amevuliwa jana jirani hapo anauza wizi au anauza uongo.

Chakula cha halali kinapatikana?

Ndiyo, tena bila kuhangaika. Mji una Wauzbeki, Watajiki, Wakirgizi, Waazeri na Watatari wengi. Tafuta neno «халяль» au «чайхана». Hapo kuna *plov*, binamu wa karibu wa pilau yetu ila na karoti nyingi na bila iliki. *Lagman*, tambi ndefu na nyama. *Samsa* ya kuokwa, ambayo mla sambusa hahitaji kuelekezwa. Na *shurpa*, mchuzi wa kondoo. Plov hupikwa mara moja kwa sufuria kubwa, kwa hiyo wahi mchana. Jioni unakuta ukoko.

Kwenye migahawa mingine angalia neno «свинина», nguruwe. «Говядина» ni ng'ombe, «баранина» kondoo, «курица» kuku. Pelmeni na kababu za kusaga, *kotlety*, kwa kawaida ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Supu ya *solyanka* hutiwa soseji na nyama za kukaushwa kwa moshi. Jeli ya nyama, *kholodets*, mara nyingi ni ya miguu ya nguruwe.

Na asiyekula nyama?

Omba «постное меню», menyu ya mfungo wa Waorthodoksi, isiyo na nyama, mayai wala maziwa. Huwekwa hasa wiki za Kwaresima. Nje ya hapo: *vareniki* za viazi (vidonge vya unga kama pelmeni), *draniki* (chapati za viazi vilivyokunwa), saladi ya bitiruti iitwayo *vinegret*, na *grechka*, nafaka ya rangi ya kahawia inayonukia kama iliyokaangwa. Uliza kama *borshch*, supu ya bitiruti, ina mchuzi wa nyama. Karibu daima inao.

Nimekumbuka ugali. Nifanyeje?

Nenda duka kubwa, Lenta au Maria-Ra, rafu ya nafaka. «Кукурузная мука» ni unga wa mahindi, wa njano, laini. Husongeka vizuri. Usichukue «кукурузная крупа», hizo ni chenga. Utasonga mpaka mkono uume na bado zitakwaruza. Wengine husonga «манка», semolina ya ngano: kikombe kimoja kwa viwili vya maji, ukianza na uji mwepesi ili usifanye madonge. Inanata zaidi ya sembe lakini inashika mchuzi.

Kwa pilau chukua mchele ulioandikwa «длиннозёрный» au «басмати». Ule wa duara hugeuka bokoboko. Maharage mekundu ni «красная фасоль», tui la kopo ni «кокосовое молоко». Sukuma hakuna, kabichi imejaa.

KUNYWA

Maji ya bomba?

Yanatoka mto Ob na husafishwa, ila wenyeji wenyewe huyachuja au kuyachemsha. Fuata wenyeji.

Nijaribu vinywaji gani visivyo na kileo?

*Mors*, maji ya matunda ya msituni. Chai ya *oblepikha*, ya rangi ya chungwa na uchachu mkali, nzuri sana ukitoka kwenye baridi. Na *ivan-chai*, chai ya majani ya porini. *Kvas*, kinachouzwa kiangazi kwenye mapipa ya njano barabarani, hutokana na mkate uliochachushwa na hubaki na kileo kidogo, hadi asilimia 1.2. Asiyekunywa kabisa ajue hilo.

Kahawa ni nzuri na vioski vyake viko kila kona. Traveler's Coffee ilianzia mji huu, na Kuzina ni ya keki na mikate.

Pombe ina masharti gani?

Umri ni miaka 18, na uso wa kijana huombwa pasipoti. Sheria ya nchi inakataza maduka kuuza kuanzia saa tano usiku hadi saa mbili asubuhi, na mikoa inaruhusiwa kuongeza makali. Nunua kabla ya saa nne usiku uwe salama. Tarehe 1 Septemba, shule zinapofunguliwa, katika mikoa mingi ya Urusi maduka hayauzi kabisa. Kunywa barabarani au bustanini kuna faini.

Baa hupima kwa gramu: «пятьдесят» ni mililita 50 za vodka, na wenyeji hula kitu kila baada ya glasi, tango la chumvi au kipande cha mkate. Usinunue chupa isiyo na stempu ya ushuru, hata ukiambiwa ni ya nyumbani. Desemba 2016 mjini Irkutsk, zaidi ya watu 70 walikufa kwa kunywa losheni ya kuogea iliyokuwa na methanoli.

ADABU ZA MEZANI NA MLANGONI

Bakshishi ni kiasi gani?

Asilimia 10 mgahawani ukiridhika, taslimu. *Stolovaya* hakuna.

Wananidai koti mlangoni, kwa nini?

Hiyo ni *garderob*. Koti la baridi haliingii mezani. Utapewa kibati chenye namba, bure. Usikipoteze: utasubiri mpaka wateja wote waondoke na koti lako libaki peke yake, na pengine utozwe. Pasipoti na simu vitoe mfukoni kabla hujalikabidhi. Skafu na kofia visukume ndani ya mkono wa koti, ndivyo wanavyofanya wenyewe, vinginevyo vitaanguka na kukanyagwa.